Injini ya Teksi kwenye Peugeot ya Mzee

Kwenye kipindi cha wiki hii mlimsikia Mzee akicheka nilipomuuliza kama gari lake ni Peugeot au ni Toyota. Alicheka sana mpaka ikabidi nikate sehemu ya kicheko, maana tulikuwa tunamaliza muda. Lakini swali lile halikuwa utani, na jibu lake halitoshi kwenye dakika arobaini. Kwa hiyo nimekaa chini niandike. Tulieni, ni hadithi ndefu kidogo, na ndani yake kuna historia ya Afrika Kusini ambayo shuleni hatukufundishwa hivi.

Gari lenyewe ni Peugeot 404 ya mwaka 1967. Ni pikapu, yaani ile ambayo huku Johannesburg kila mtu anaiita bakkie. Iko uani kwa Mzee, Alexandra, kwenye moja ya zile mitaa zenye namba. Nje ni Peugeot kabisa: taa zake za mviringo, simba wake mbele, gia yake kwenye usukani. Ukifungua boneti unakutana na injini ya Toyota 4Y, ndugu wa injini zilizobeba nusu ya nchi hii kwenye teksi za HiAce. Aliyeifunga humo ni baba yangu, fundi kutoka Morogoro. Aliianza mwaka 2008, akaikatisha katikati, na sababu ya kuikatisha nitaifikia.

Kwanza Alex.

Alexandra ilianzishwa mwaka 1912, kama kilomita 13 kaskazini-mashariki ya katikati ya jiji. Vijana wanaiita Gomora, wazee waliiita Dark City kwa sababu kwa miaka mingi haikuwa na umeme. Kitu kilichoifanya iwe tofauti ni hati. Hapa Mwafrika aliweza kununua kiwanja kikawa chake kwa jina lake, mwaka mmoja tu kabla ya Sheria ya Ardhi ya 1913 kufunga mlango huo karibu nchi nzima. Lakini Alex ilikuwa nje ya mpaka wa manispaa ya Johannesburg, na watu wake walifanya kazi ndani ya mpaka huo. Kwa hiyo tangu mwanzo, shida kubwa ya Alex ilikuwa moja: unafikaje mjini asubuhi, na unarudije jioni?

Miaka ya 1930 kulikuwa na Waafrika wenye mabasi yao. Mmoja wao, R. G. Baloyi, alikuwa pia mweka hazina wa ANC. Kufikia mwaka 1940 hivi, kampuni za wazungu zilikuwa zimewasukuma nje ya njia ile. Baada ya hapo nauli ikaanza kupanda. Agosti 1943 ilitoka peni nne kwenda peni tano. Watu wakakataa kupanda. Kwa siku tisa walitembea kwenda na kurudi, maelfu kwa maelfu, na kijana mmoja aliyeitwa Nelson Mandela, ambaye alikuwa amepanga chumba Alex, alitembea nao. Nauli ikarudi peni nne. Mwaka 1944 wakajaribiwa tena, wakatembea tena wiki saba. Halafu Januari 1957 kampuni ya PUTCO ikapandisha peni ileile moja. Safari hii walitembea kama miezi mitatu.

Kauli yao ya 1957 ilikuwa neno moja: Azikwelwa. Sikilizeni neno hilo kwa masikio ya Kiswahili. Kukwela kwa Kizulu ni kukwea kwetu. Mwanzoni kuna kikanushi, mwishoni kuna kauli ya kutendwa. Azikwelwa: hazikwewi. Mabasi hayapandwi. Mara ya kwanza Mzee aliponieleza nilihisi kama mtu aliyesikia jina lake likiitwa stendi ya mji asioujua.

Baba yake Mzee alikuwa mmoja wa waliotembea mwaka 1957. Kilomita 14 kwenda, 14 kurudi, kwa barabara ya Louis Botha, huku polisi wakiwasimamisha njiani kukagua pasi. Mzee mwenyewe alizaliwa mwaka huohuo, na anasema mama yake alimwambia kwamba baba alikuwa anarudi usiku, anaingiza miguu kwenye beseni, analala amekaa. Siku mgomo ulipokwisha, yule baba alisema hatapanda basi lao tena akiwa na njia nyingine. Ilimchukua miaka 14. Mwaka 1971 alinunua pikapu iliyotumika, Peugeot 404, akaanza kuuza makaa ya mawe. Dark City haikuwa na umeme lakini ilikuwa na majiko, na kila jiko lilitaka makaa.

Hiyo ndiyo gari.

Sasa upande wetu. Ukimtajia baba yangu 404, hasemi Afrika Kusini hata kidogo. Anasema Safari Rally. 404 ilishinda mashindano yale ya Afrika Mashariki mwaka 1963, 1966, 1967 na 1968. Mbili za katikati alishinda Bert Shankland, aliyekuwa akiishi Dar es Salaam, kwa hiyo Watanzania waliuhesabu ule kuwa ushindi wa nyumbani. Babu yangu alikuwa akisimulia mbio zile kama watu wengine wanavyosimulia vita. Gari lililopita kwenye tope lile likatoka zima, basi hata maskini alilitaka. Kenya, pikapu za 404 zilifungwa bodi nyuma, zikapakia abiria wakiangaliana, zikawa miongoni mwa matatu za mwanzo. Na jina matatu, mnajua linatoka wapi? Kwenye nauli: senti kumi tatu, mapeni matatu. Alex walitembea kwa sababu ya peni moja, Nairobi wakaita usafiri wao kwa jina la mapeni matatu. Usafiri wa maskini unahesabiwa kwa sarafu ndogo kila mahali.

Mzee hakuwepo kuliendesha gari la baba yake. Juni 1976, Soweto ilipowaka, siku mbili baadaye Alex nayo ikawaka. Alikuwa na miaka 19. Alivuka mpaka, na baada ya kuzunguka kwingi akafika Tanzania, Mazimbu, nje kidogo ya mji wa Morogoro. Serikali ya Tanzania ilikuwa imewapa ANC shamba la mkonge lililoachwa, na pale wakajenga shule waliyoiita kwa jina la Solomon Mahlangu, kijana aliyenyongwa Pretoria tarehe 6 Aprili 1979. Mzee alifanya kazi kwenye karakana, chini ya matrekta na malori. Kiswahili alijifunza humo, na sokoni. Leo Mazimbu ni kampasi ya Chuo Kikuu cha Sokoine, na ukimuuliza Mzee anakutajia miti aliyoipanda.

Aliporudi Alex mwaka 1991, baba yake alikuwa ameshafariki. Gari lilikuwepo uani, juu ya matofali. Injini haikuwepo. Mama yake aliiuza mwaka wa msiba, kulipia jeneza.

Nataka mlielewe hilo kabla sijaingia kwenye spana. Mzee hakuwa mtu wa kukusanya magari ya zamani. Alikuwa na gari lenye tundu katikati, na tundu lile alijua lilitokana na nini. Kwa miaka 16 alitafuta injini ya 404, ileile, ya sentimita za ujazo 1,618. Alipata mbili. Moja ilikuwa na bloku iliyopasuka. Nyingine aliuziwa, akailipia, haikuletwa.

Baba yangu alimpata kwa salamu. Ilikuwa mwaka 2005, baba ana gereji ya kupanga karibu na Wynberg, pale viwandani jirani na Alex. Akaja mtu mzima kuulizia beringi. Baba akawa anaongea kwa simu na mtu wa nyumbani. Alipokata simu, yule mteja akamwambia kwa Kiswahili safi, "Wewe kijana ni wa Morogoro, unavuta maneno kama mtu wa Msamvu." Baba anasema mwili ulimsisimka. Akajikuta anasema, "Shikamoo, mzee." Na yule mtu wa Alexandra, bila kufikiri, akajibu, "Marahaba, mwanangu."

Tangu siku hiyo walikuwa wanaonana kila Jumamosi, na kila Jumamosi walikuwa wanabishana kuhusu injini.

Baba alisema hivi: injini uliyoiacha haipo, na hata ukiipata, spea zake utazitoa wapi? Weka 4Y. Ni ya silinda nne, lita 2.2, haina mambo mengi, na spea zake zinauzwa kila kona kwa sababu kila teksi inayo. Mzee alikataa. "Gari la baba yangu si teksi." Alilisema hilo kama mtu anayekataa posa.

Hapa ndipo nilipokuja kuelewa, miaka mingi baadaye, kwamba wote wawili walikuwa wanagombana juu ya historia bila kujua.

Kwa sababu, jamani, kubadilisha injini si ujanja wa mafundi wa uani tu. Kwenye nchi hii ilikuwa sera ya serikali. Kuanzia mwaka 1961, serikali ya ubaguzi ilitaka magari yawe na sehemu kubwa iliyotengenezwa hapa, na ilipima sehemu hiyo kwa uzito. Kufikia mwisho wa 1976 kiwango kilikuwa asilimia 66 ya uzito wa gari. Sasa fikirieni mnaendesha kiwanda. Mnaambiwa mlete kilo. Kitu gani kwenye gari kina kilo nyingi pamoja? Injini. Kwa hiyo viwanda vya injini vikajengwa Port Elizabeth, na zile injini chache zilizotengenezwa hapa zikawekwa kwenye magari ambayo huko yalikozaliwa hayakuwa nazo. General Motors waliuza gari lililoitwa Ranger, wakalitangaza kuwa gari la Afrika Kusini: umbo la Opel ya Ujerumani, injini ya Chevrolet. Ford walitengeneza injini yao ya V6 iitwayo Essex hapa hadi mwaka 2000, miaka mingi baada ya Uingereza yenyewe kuiacha. Mpaka mwaka 1989 ndipo kipimo kikabadilishwa, wakaacha kilo wakapima thamani.

Kwenye malori ilikuwa kali zaidi. Baada ya Umoja wa Mataifa kuweka vikwazo vya silaha mwaka 1977, serikali iliogopa kukosa injini za jeshi. Ikaanzisha kiwanda cha injini za dizeli kule Atlantis, kaskazini ya Cape Town, kinachotumia michoro ya Perkins na ya Mercedes. Halafu ikatoza ushuru mkubwa kwa injini za dizeli kutoka nje. Matokeo yake lori lolote, jina lolote mbele, ndani lilikuwa na injini ya Atlantis. Hata Land Rover zilizounganishwa hapa zilifungwa.

Wenye pesa nao walikuwa na yao. Edenvale, si mbali na Alex, Basil Green alichukua Ford Capri akaifunga V8 ya lita tano, akaiita Perana, na hiyo ilikuwa miaka ya mwanzo ya 1970. Mwaka 1973 ikatoka Chevrolet Can Am: kigari kidogo cha ukoo wa Vauxhall, ndani V8 ya Camaro, mia moja tu. Na Rosslyn, nje ya Pretoria, katikati ya miaka ya 1980, BMW walichukua ile E30 ndogo wakaipa injini kubwa ya lita 3.2, ikaitwa 333i. Hiyo haikuwahi kuuzwa Ulaya. E30 ndiyo leo mnaijua kwa jina la gusheshe, ile inayozungushwa mpaka matairi yatoe moshi. Wale wanaosema gusheshe yenye injini ngeni si halisi, waambieni kiwanda chenyewe kilianza.

Basi na teksi je? Zilitoka palepale kwenye barabara ya Louis Botha. Watu waliokataa mabasi walihitaji kitu kingine, na miaka ya 1960 na 1970 kitu hicho kilikuwa magari makubwa ya Kimarekani, Valiant na Chevrolet, yakibeba abiria kwa kuchangia nauli, mengi bila leseni, yakikimbizana na polisi. Baada ya sheria ya 1977 zikaja basi ndogo, na mwaka 1988 soko likafunguliwa rasmi. Toyota HiAce ikatawala. Moja ilikuwa na kasi mpaka watu wakaiita Zola Budd, kwa jina la mwanariadha. Biashara ile ilikuja na damu pia, wenye njia wakiuana kwa ajili ya njia, na Alex inayajua hayo vizuri. Lakini ilikuwa biashara ya Waafrika, na ilichukua abiria ambao zamani kampuni za mabasi ziliwaona kama mali yao.

Hilo ndilo baba hakujua namna ya kumwambia Mzee. Alijua 4Y ni injini nzuri. Hakujua kwamba ni injini ya watu waliosema Azikwelwa. Mzee aliligundua mwenyewe. Anasema alikuwa amekaa kwenye teksi, Louis Botha, foleni haisogei, injini inanguruma chini ya kiti chake, akawaza: baba yangu alitembea hapa. Sisi wote humu tumekaa juu ya kile alichokitaka. Jumamosi iliyofuata alimwambia baba, "Haya, leta hiyo Toyota yako."

Injini ilitoka kwenye Hilux iliyogongwa nyuma. Karatasi zake zilikuwepo, na hilo lilikuwa muhimu, kwa sababu namba ya injini iko kwenye hati ya gari. Ukibadilisha injini lazima polisi waihakiki kwamba si ya wizi, kisha namba mpya iandikishwe. Fundi asiyejali hilo anamuuzia mteja kesi.

Sasa kazi yenyewe. Ugumu wa 404 una sehemu tatu. Kwanza, injini ya asili imelazwa, imeinama nyuzi 45 upande mmoja, ndiyo maana boneti iko chini. 4Y inasimama karibu wima. Ukiitumbukiza, kisafisha hewa kinagonga boneti. Baba hakutaka kukata boneti. Alishusha viti vya injini mpaka chini kabisa inapowezekana bila sampu kugusa mwamba wa mbele, kisha akatafuta kisafisha hewa bapa.

Pili, mbele ya 404 haina chesesi ya kujitegemea kama Land Rover. Bodi ndiyo fremu. Huwezi kuchomelea kiti cha injini popote unapotaka, bati litachanika. Alitengeneza vibati vinene vya kugawanya uzito, akavifunga kwa bolti pale ambapo kiwanda chenyewe kiliweka nguvu.

Tatu ndiyo kubwa. Kwenye magari mengi propela inaonekana, inazunguka wazi chini ya gari. Kwenye 404 inazunguka ndani ya bomba, na bomba lile limeshikana na difu. Ukileta gia boksi ya Toyota hakuna pa kuliunganisha, labda ubadilishe na mhimili wote wa nyuma. Baba akaamua gia boksi ya Peugeot ibaki, na bomba libaki, na difu ibaki. Kwa hiyo ilibidi injini ya Kijapani na gia boksi ya Kifaransa zishikane mikono. Kinachozishikanisha ni bamba la chuma, tundu zake za upande mmoja zinafuata Toyota, za upande wa pili zinafuata Peugeot. Diski ya klachi lazima iwe na meno ya Peugeot ila ikae kwenye flaiwili ya Toyota.

Bamba unaweza kulichora kwenye karatasi. Shida ni kitovu. Mhimili wa gia boksi lazima uingie katikati kabisa ya krenki. Ukikosea kwa unene wa unywele, gari litawaka na litatembea, utashangilia, na baada ya miezi michache klachi imeisha na beringi zinalia. Baba alikwenda kwa fundi wa kukereza vyuma Wynberg mara tano. Mimi nilikuwa na miaka 9, nilikuwa nashika tochi. Naikumbuka ile saa ndogo ya kupimia, mshale wake ukicheza, na baba akisema, "Bado. Bado. Bado."

Mwanzoni mwa Mei 2008 injini ilikuwa inaning'inia kwenye mnyororo juu ya gari, nusu imeingia.

Jumapili tarehe 11 Mei, vurugu dhidi ya wageni zilianza Alexandra. Zikasambaa nchi nzima. Watu 62 walikufa, na 21 kati yao walikuwa Waafrika Kusini wenyewe. Magazeti yaliandika baadaye jinsi watu walivyosimamishwa na kuulizwa neno la Kizulu la kiwiko. Ukilikosa, wewe ni mgeni. Mimi nilizaliwa hapa, nilikuwa nasoma shule ya hapa, nilikuwa nalijua: indololwane. Mama yangu hakulijua. Baba alilijua, lakini kwa lafudhi yake ingekuwa sawa na kutolijua.

Mzee alikuja kutuchukua kwa miguu kabla giza halijaingia. Tulilala kwake, chumba cha nyuma, taa zimezimwa. Nililala nikirudia kimoyomoyo, indololwane, kiwiko, indololwane, kiwiko. Usiku watu walikuja getini. Sikusikia yote. Nilimsikia Mzee akisema kwa sauti ya kawaida kabisa kwamba waliomo ndani ni watu wake. Mmoja akamwambia anaficha wageni. Mzee akasema, na hili nililisikia vizuri, kwamba yeye alikuwa mgeni miaka 15 na hakuna aliyekuja usiku getini kwake. Walikaa kimya. Kisha wakaondoka, au wakaenda geti lingine, sijui lipi ni sahihi zaidi.

Asubuhi alitusindikiza kituo cha polisi cha Alexandra, ambako mamia ya watu walikuwa wamekimbilia. Tulikaa pale siku kadhaa. Gereji ya baba ilivunjwa, vifaa vikaondoka, isipokuwa vile vilivyokuwa chini ya 404 uani kwa Mzee. Baada ya hapo tulihamia Yeoville, na mama akaapa hatakanyaga tena Alex. Jamaa wengi walipanda mabasi wakarudi nyumbani. Sisi tulikuwa tumefungasha mara mbili.

Agosti baba akaanza kuvaa ovaroli Jumamosi asubuhi. Mama akamuuliza anakwenda wapi. Mnajua jinsi akina mama wanavyouliza swali ambalo jibu lake wanalo. Baba akasema, "Nimemwachia mtu injini inaning'inia."

Hakusema zaidi. Kwa miaka mingi nililichukulia jibu lile kama ukaidi wa mafundi. Sasa hivi nafikiri lilikuwa jambo zito kuliko yote aliyowahi kusema. Watu walimwambia hana kazi hapa. Yeye alikuwa na kazi, ilikuwa nusu imeingia, na mwenye nayo alisimama getini kwa ajili yake.

Kwenye mahojiano nilimuuliza Mzee kama alijua baba atarudi. Akasema hakujua. Kila wiki alipaka mafuta ule mnyororo usishike kutu.

Injini iliwaka Novemba 2008. Sauti haikuwa ya Peugeot, lazima niwe mkweli. Majirani wazee walioikumbuka 404 wanasema ilikuwa na mlio mwembamba, kama cherehani. Hii inanguruma kama teksi. Mzee alisikiliza amefumba macho, na nadhani alikuwa anausubiri ule mlio wa zamani, na haukuja. Kuna kitu kilipotea, na bamba lililokerezwa vizuri halikirudishi. Mama yake, aliyeuza injini ya kwanza, alikuwa bado hai wakati huo. Alitolewa kiti nje. Alisema tu, "Sasa inaweza kubeba makaa." Hakuna mtu aliyekuwa anatumia makaa tena, ila hakuna aliyemsahihisha.

Karatasi zilichukua muda wake. Kwenye hati ya gari sasa imeandikwa Peugeot, na chini yake kuna namba ya injini ya Toyota. Ndiyo maana Mzee alicheka nilipomuuliza. Serikali yenyewe imeandika yote mawili kwenye karatasi moja, na wala haikuona tatizo.

Safari ya kwanza tulikwenda mjini kwa Louis Botha. Baba na Mzee mbele, mimi katikati yao, goti langu likigonga redio isiyofanya kazi. Mzee aliendesha taratibu mno, teksi zinatupita zikipiga honi. Kila baada ya muda alikuwa anasema jambo: hapa kulikuwa na duka, hapa palikuwa na mteremko mkali kwa mtu wa miguu, hapa polisi walikuwa wanasimama. Baba alikuwa hasemi kitu. Alikuwa ameweka kiganja juu ya gia boksi, anasikiliza kama kitovu kimekaa.

Klachi ile haijabadilishwa mpaka leo.

Hayo ndiyo niliyoyakata kwenye kipindi. Wiki hii, kama nyumbani kwenu kuna mtu mwenye spana, cherehani, sufuria kubwa la biashara, kitu chochote alichokuja nacho au alichokiacha, mwulizeni kilikuwa cha kazi gani, na kazi ile iliishia wapi. Washeni simu mrekodi. Tukutane Alhamisi.